Ekzosti na nguvu ya gari lisilo na turbo: pima kwanza, chomelea baadaye

Dodoma mjini ni mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na injini isiyo na turbo (pampu inayosukumia hewa ndani ya injini) huivuta hivyo hivyo ilivyo. Matokeo yake inapoteza takribani asilimia 10 hadi 12 ya nguvu kabla fundi hajagusa hata nati moja. IST yenye injini ya 1NZ-FE iliyotoka kiwandani na hospawa kama 110, huku inatoa 97 au 98. Mark X ya 2.5 ya toleo la kwanza, iliyoandikiwa 215, inabaki na 190 hivi. Hakuna ekzosti itakayokurudishia pengo lote hilo. Anayekuahidi hospawa 30 kwa kubadili mafla (kopo la kupunguza sauti) anakuuzia kelele.

Kazi ya ekzosti ni kumpunguzia pistoni mzigo wa kusukuma moshi nje. Kwenye gari la 1.3 au 1.5, bomba jipya kuanzia baada ya masega (katalitiki, kichujio cha kusafisha moshi) hadi nyuma likitengenezwa vizuri huleta hospawa 2 hadi 4. Heda nzuri (mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye silinda) kwenye injini ya 2.0 inaweza kuleta 5 hadi 10, na nyingi ya hizo utazipata RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) zikishapanda. Lakini masega yakiwa yameziba, kuyashughulikia peke yake kunaweza kukurudishia nguvu kuliko hayo yote kwa pamoja. Kwa gari la mtumba lenye kilomita zaidi ya laki moja, hapo ndipo pa kuanzia.

Njia ya uhakika ni kupima presha. Fungua sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyo kabla ya masega, injini ikiwa na uvuguvugu tu. Ikiwa baridi kabisa nyuzi hung'ang'ania, ikiwa ya moto utaungua. Kwenye tundu hilo funga geji ya presha ndogo kwa adapta. Tundu nyingi zina nyuzi za M18 kwa 1.5 (upana milimita 18, hatua milimita 1.5), ila baadhi ya Toyota sensa hushikwa kwa nati mbili, hivyo angalia kabla ya kununua adapta. Washa injini. Ikiwa sailensi (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), presha isizidi psi 1.5. Shikilia RPM 2,500: isizidi 3. Ikifika 5 au zaidi, kuna kitu kimeziba, na mara nyingi ni masega, au mafla ambayo matumbo yake yamekatika ndani na kuziba njia.

Usipokuwa na geji hiyo, tumia ya vakyumu (mvuto wa hewa) kwenye menifodi ya kuingizia hewa. Hapa mafundi wengi wa huku hupotea. Vitabu vinasema injini nzima ikiwa sailensi isome inchi 17 hadi 21 za zebaki, lakini hizo ni namba za usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 300 unapoteza karibu inchi moja, kwa hiyo Dodoma inchi 14 hadi 17 ni afya tele. Watu wamefunguliwa injini kwa kuambiwa ringi zimekwisha, kumbe geji ilikuwa inasema kweli. Unachotafuta ni mwenendo wa mshale. Panda hadi RPM 2,500 na ushikilie kwa dakika moja: mshale ukishatulia halafu ukaanza kushuka taratibu bila wewe kugusa mafuta, moshi umekosa pa kutokea.

Masega hayazibi bure. Koili au plagi mbovu hupeleka petroli mbichi ndani yake, nayo huungulia humo hadi masega yanayeyuka. Injini inayokula oili nayo huyapaka majivu. Ukifunga mapya bila kutibu chanzo, umetupa hela.

Swali linalofuata huwa: si niyatoe tu? Masega mazima yakitolewa, nguvu inayoongezeka ni kiduchu. Unachopata kwa uhakika ni taa ya cheki injini yenye kodi P0420 (masega hayafanyi kazi yake), harufu inayoingia hadi ndani, na kaboni monoksaidi zaidi kwa walio nyuma yako. Ukitaka njia pana, funga masega yenye vitundu 200 kwa inchi ya mraba badala ya 400 au 600 vya kiwandani. Na fundi anayejitolea kuyakata bure si mkarimu: ndani yana platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yenye soko. Ukiyatoa, ondoka nayo.

Sasa bomba. Kosa kubwa ni kufikiri kwamba nene zaidi ndiyo nguvu zaidi. Moshi unaotoka silinda moja kwa kasi huacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo husaidia kufagia silinda inayofuata. Bomba likizidi unene, moshi unapoa, unapunguza mwendo, na gari linakuwa zito kuondoka, hasa chini ya RPM 3,000 ambako dereva wa mjini anaishi. IST na Vitz: inchi 1.75 hadi 2. Altezza ya silinda nne: 2.25, au 2.5 kama tayari ina heda na inaendeshwa juu. Mark X ikiwa na bomba moja la nyuma: 2.5. Inchi 3 waachie wenye turbo.

Kwa heda, ya nne-mbili-moja hutoa nguvu ya katikati na ndiyo inayofaa barabarani. Ya nne-moja hutoa nguvu ya juu kabisa, na gari la otomatiki halikai huko. Mabomba yake manne yakaribiane urefu; yakitofautiana sana, ule mvuto unapotea.

Kona ni nusu ya kazi. Bomba likikunjwa kwa mashine ya kubana, kona hubonyea na inchi 2 yako inageuka 1.7. Dai elbo zilizokunjwa bila kubonyea, au kona ya vipande vilivyokatwa mshazari na kuunganishwa. Bomba la milimita 1.5 lichomelewe kwa MIG au TIG. Welda wa fimbo hutoboa, na makapi yake hubaki ndani. Kabla ya kuchomelea chochote kwenye gari, toa waya hasi wa betri, la sivyo kontroli boksi (kompyuta ya injini) inaweza kufa. Chuma cha pua ni kizuri, ila huku hatuna chumvi ya bahari, hivyo chuma cha kawaida kilichopakwa aluminiamu kinatosha kabisa.

Nati nyingi za ekzosti za Toyota ni spana namba 14. Zilowekwe mafuta ya kulegezea kutu usiku kucha, na gasketi ziwe mpya. Pale penye boliti za springi, springi zirudi. Zinaruhusu injini kucheza. Injini iliyolala kwa upana inahitaji pia flexi (kipande cha bomba kinachopinda), bila hiyo bomba litapasuka kwenye kiungo cha kwanza. Acha nafasi ya sentimita mbili na nusu angalau kutoka kwenye mipira ya breki na ya mafuta. Sensa ya oksijeni ifungwe mkia wake ukiwa umeinuka digrii 10 au zaidi juu ya mlalo ili maji yasiifikie.

Baada ya kufunga, washa gari likiwa baridi, ziba mkia kwa kitambaa sekunde chache na usikilize viungo. Uvujaji kabla ya sensa ndio mbaya zaidi: hewa inaingia, sensa inadhani mafuta ni machache, kontroli boksi inaongeza petroli, na mwenye gari analalamika kwamba ekzosti mpya inakunywa.

Usipime nguvu kwa sikio. Tumia gia ya tatu, kilomita 40 hadi 80 kwa saa, kwenye kipande tambarare kisicho na watu, kabla na baada ya kazi, saa ile ile ya siku na tangi likiwa na mafuta yale yale. Nenda na urudi, maana upepo wa Dodoma unadanganya. Pahali pawe palepale pia: Bahi iko chini kuliko mjini, na gari likipimwa kule litaonekana limeongezeka nguvu hata kama hukubadilisha kitu.