Wasomaji Wanauliza: Kwa nini klabu ya jazi iwe ndogo?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimehamia London kikazi. Naupenda sana muziki wa jazi, ingawa mpaka sasa nimeusikia katika santuri na redioni tu. Mwenzangu kazini amenialika Ronnie Scott's, klabu iliyoko Soho, akanitahadharisha kwamba meza zimesongamana na kwamba anayezungumza muziki unapopigwa hutazamwa vibaya. Kwa nini klabu yenye sifa kubwa namna hiyo isitafute ukumbi mkubwa? Na mgeni afanye nini asije akawaharibia wengine starehe?

JIBU: Ndugu msomaji, nenda, tena ukae karibu na jukwaa kadiri utakavyopata nafasi. Sehemu kubwa ya jazi hutungwa palepale inapopigwa. Mpiga saksafoni akipewa zamu yake hajui bado ataimaliza vipi, na wenzake wa piano, besi na ngoma humfuata kwa sikio na kwa jicho. Ukiwa karibu utamwona mpiga ngoma akiweka vijiti chini na kushika brashi kwa sababu tu mpiga piano amepunguza sauti, na utasikia wenzake wote wakibadilika pamoja naye. Mambo hayo humezwa na vipaza sauti katika kumbi za maelfu ya watu, na kwangu mimi hayo ndiyo jazi yenyewe.

Waanzilishi wa klabu hiyo, Ronnie Scott na Pete King, walikuwa wapigaji wa saksafoni ya tena (tenor, yenye sauti ya kati) waliotaka mahali ambapo wanamuziki wangepiga jazi waipendayo bila kulazimika kuwaridhisha wacheza dansi. Scott alikuwa amefika New York katika miaka ya 1940, akipiga muziki melini, na huko alizijua klabu finyu za mtaa wa 52. Tarehe 30 Oktoba 1959 yeye na King walifungua klabu yao katika chumba cha chini ya ardhi, namba 39 Gerrard Street.

Siku zile Mmarekani hakuweza kuja London kupiga muziki kwa kutaka kwake tu. Tangu miaka ya 1930 mvutano kati ya vyama vya wanamuziki vya nchi hizo mbili ulikuwa umewafungia wageni mlango, na hata ulipolegea mwaka 1956, kila aliyeingia alipaswa kufidiwa na mwingine aliyetoka. King alishikilia mazungumzo mpaka mwaka 1961 Mmarekani Zoot Sims, mpiga saksafoni, akapokewa Gerrard Street, na mwenzake Mwingereza, Tubby Hayes, akaenda New York kupiga katika klabu ya Half Note. Baadaye walikuja wengine, wakiwamo mpiga saksafoni Sonny Rollins na mpiga piano Bill Evans. Mara nyingi mgeni alikuja peke yake, akapiga usiku baada ya usiku na wanamuziki wa hapohapo London, ambao mpiga piano wao kwa miaka mingi alikuwa Stan Tracey. Sidhani kama kuna chuo ambacho kingewafundisha wanamuziki wa Uingereza zaidi ya kusimama kando ya watu hao katika chumba kidogo, mbele ya wasikilizaji walionyamaza.

Mwaka 1965 klabu ilihamia namba 47 Frith Street, ilipo hadi leo. Ukumbi huo ni mkubwa kuliko ule wa kwanza, lakini haufikishi hata watu 300. Kile chumba cha zamani kiliachiwa wanamuziki chipukizi kwa muda, na humo walipata jukwaa Chris McGregor, mpiga piano mweupe, na wenzake weusi, waliotoka Afrika Kusini mwaka 1964 kwa sababu bendi ya weusi na mweupe haikuweza kuishi chini ya ubaguzi wa rangi. Jambo hilo halitajwi inavyostahili.

Kuhusu adabu, weka nafasi mapema, fika kabla ya onyesho kuanza, agiza chakula na kinywaji muziki haujaanza, na uzime simu. Makofi mafupi baada ya zamu ya mpigaji mmoja yanakubalika, hata kama wimbo unaendelea. Mazungumzo yasubiri mapumziko, na jihadhari hasa zamu ya besi inapofika: wenzake hupunguza sauti au hunyamaza kabisa ili isikike, na wageni wengi hudhani hapo ndipo pa kunong'ona, kumbe mnong'ono mmoja unatosha kuifunika.

Ukikosa tikiti, au bei ikikushinda, jaribu Vortex iliyoko Dalston, klabu inayoendeshwa kwa msaada wa watu wanaojitolea. Ni ndogo zaidi ya Ronnie Scott's, na hupokea wanamuziki wanaojaribu mambo mapya ambayo pengine hujawahi kuyasikia redioni.