Jibu: Video za vijana zinasambaa ila kaunti haijibu

Habari mwalimu. Nimekuelewa: vijana wako wa Mathare, Nairobi, wanarekodi mtaro ulioziba, video inasambaa, maoni yanajaa matusi, kaunti kimya, na unauliza wafanye nini, pamoja na jinsi ya kuhariri video kwa simu.

Kamera iache kwanza, soma maandishi yaliyo chini ya video. Mengi ninayosahihisha husema "serikali imetusahau". Serikali ipi? Mtaro ni wa kaunti, polisi ni wa serikali kuu. Mimi humwambia kila kijana aandike sentensi moja tu: "Mtaro wa nyuma ya stegi umeziba tangu Machi, tunaomba kujua utazibuliwa lini na nani." Akishindwa, ujue hajawauliza majirani.

Sentensi hiyo ndiyo barua ya kupeleka ofisi ya kaunti. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya Kenya ya 2016 inaruhusu ombi kwa Kiswahili au Kiingereza (kwa hiyo usiwatese na Kiingereza cha ofisini), na ofisi ina siku 21 za kujibu. Wadai muhuri kwenye nakala yao, waipige picha, waiposti. Ofisi ikinyamaza, wapeleke malalamiko kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Mambo ya kuhariri video kwa simu yenye nafasi ndogo siyawezi, wengine humu watakusaidia.