Rejista ya mochwari: "jeraha la kichwa" ni sababu ya kifo?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii hapa Tanzania. Nimeruhusiwa kutumia rejista ya mochwari ya hospitali ya mkoa, ya miaka 5, niandike kuhusu vifo vya ukatili na ajali. Wengi mno ni wanaume vijana, na kila ukurasa umejaa "jeraha la kichwa". Naweza kusema ukatili ndio unaoua vijana zaidi mkoani kwetu? Na hilo jeraha la kichwa niliweke kundi gani?

JIBU: Marahaba. Kwa rejista peke yake huwezi kusema hivyo. Mochwari huhesabu miili iliyofikishwa pale. Aliyekufa maji kijijini akazikwa siku hiyohiyo hayumo. Bibi aliyeteleza akavunjika nyonga, akafariki nyumbani baada ya wiki kadhaa, naye hayumo, maana ndugu wamesema ni uzee. Aliyegongwa na bodaboda akafia wodini baada ya kulazwa muda mrefu pengine yumo, ila ameandikwa "nimonia". Aliyeuawa kwa kupigwa ana nafasi kubwa zaidi ya kuingia, kwa sababu kuna kesi, na polisi ndio huleta mwili na kuomba uchunguzi.

Kuhusu vijana: nchi yetu ni ya vijana, kwa hiyo watakuwa wengi karibu katika kila orodha utakayoandika. Chukua idadi ya watu wa mkoa kwa umri na jinsia kutoka sensa ya 2022, upige hesabu ya vifo kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Wazee wanaoonekana wachache kwenye rejista wanaweza kupanda sana. Na hata hicho utakachopata ukiite kiwango cha chini.

Sasa jeraha la kichwa, ambalo ndilo litakalokupa kazi. Maneno hayo yanataja kilichoharibika mwilini, hayasemi kimeharibiwa na nini. Katika ICD-10, yaani orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa na sababu za vifo, majeraha yako chini ya herufi S na T, na sababu za nje ziko V hadi Y. Kifo kama hiki huhesabiwa kwa ile sababu ya nje: mtembea kwa miguu aliyegongwa ni V01–V09, kuanguka ni W00–W19, kushambuliwa ni X85–Y09. Kwa hiyo iache rejista, omba ripoti zenyewe za uchunguzi wa maiti na usome daktari aliona nini.

Ubongo husema mengi. Aliyepigwa rungu kichwa kikiwa kimetulia, ubongo huchubuka zaidi chini ya pale lilipotua pigo. Aliyeanguka chali akagonga kisogo, mchubuko mkubwa mara nyingi huwa upande wa mbele, juu ya matundu ya macho, wakati ngozi imechanika nyuma. Jeraha la kitu butu ukilipanua kwa vidole utaona nyuzi za nyama na mishipa zimevuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. La panga limekatika safi mpaka chini. Mikato viganjani na upande wa nje wa mkono ni ya mtu aliyejikinga. Mguu uliovunjika chini ya goti pamoja na fuvu lililopasuka unaelekeza kwenye gari, hasa kama daktari alipima urefu wa mvunjiko kutoka kisiginoni, ukaulinganisha na kimo cha bampa. Hata hivyo, aliyesukumwa na aliyejikwaa huanguka namna moja, na ubongo wao hautakuonyesha tofauti. Hapo unahitaji maelezo ya polisi na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kama alifika hospitali akiwa hai. Ukikosa, weka Y10–Y34, yaani nia haikubainika, na usivigawe vifo hivyo kwenye makundi mengine kwa kukisia. Wasomaji wawili wapange rekodi bila kuoneana, kisha upime wamekubaliana kiasi gani kwa kappa, kipimo cha takwimu cha makubaliano.

Nasisitiza mwili mmoja mmoja kwa sababu tumeona maana yake. Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyedaiwa kuwaambia wafunge hadi kufa. Ilikuwa rahisi kuandika "njaa" kwa wote. Uchunguzi ulikuta njaa kwa wengi, lakini ukakuta pia walionyongwa na waliopigwa, watoto wakiwamo, na miili iliyooza kiasi kwamba sababu haikupatikana. Jumla isingeonyesha hilo kamwe.

Usitegemee ICD-10 kwa kila kitu. Waliouawa na kundi la watu kwa tuhuma za wizi hawana msimbo wao: watatawanyika kati ya Y00, kitu butu, na X97, moto. Ongeza safu yako mwenyewe, la sivyo jambo kubwa kabisa la miji yetu litapotea ndani ya jedwali lako. Fanya vivyo hivyo kwa mwanamke aliyeuawa na mwenzi wake. Mara nyingi uhusiano na mtuhumiwa umo kwenye jalada la polisi tu. Pombe nayo: pasipoandikwa kitu, ichukulie haikupimwa. Usihesabu kuwa hakulewa.

Majina yabaki mochwari, wewe tumia namba, na kibali cha maadili kipatikane kabla hujafungua ripoti ya kwanza. Kichwa cha utafiti nacho ukibadili kiwe "Vifo vya sababu za nje vilivyochunguzwa katika mochwari ya hospitali ya mkoa", kisha utaje miaka.