Unayefungua chumba cha gemu Mbagala: usilipie PS4 yenye gemu za akaunti ya mtu

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba una milioni nne, umepata fremu Mbagala, unataka mashine nne za gemu za PS4 (PlayStation 4) na kompyuta mbili za intaneti, na kuna winga, dalali wa mtaani, Kariakoo amekuahidi mashine "zimejazwa gemu kumi kumi, zote orijino". Umeuliza leseni, umeuliza mtandao, umeuliza bei ya mechi. Hizo gemu kumi ndizo zilizonitoa usingizini. Hela yako usiitoe.

Gemu ni orijino kweli, hapo winga hadanganyi. Ila zimenunuliwa kwenye akaunti ya PlayStation ya mtu mwingine. Akaunti moja inaruhusiwa kuwa na PS4 moja kama mashine yake kuu, na ikishawekwa hivyo, mtumiaji yeyote wa mashine hiyo anafungua gemu za akaunti ile. Kwa hiyo muuzaji anaingiza akaunti, anashusha gemu, anaifanya mashine yako kuwa kuu, anakukabidhi. Nenosiri anabaki nalo yeye. Akijisikia, anaingia kwenye tovuti akiwa kwake, anaziondoa mashine zote za akaunti hiyo kwa mkupuo, jambo ambalo mfumo unaruhusu mara moja kila miezi sita, kisha gemu zilezile anamuuzia mteja mwingine.

Mimi nilinunua za hivyo hivyo, chumba changu kilikuwa Tabata. Mashine zilipiga kazi vizuri kabisa kwa sababu sikuwa nimeziunganisha na mtandao, hazikujua kwamba muuzaji ameshaziondoa kwenye akaunti. Ikaja dirisha la usajili la Januari, madogo wakaanza kulalamika kwamba kwenye gemu ya mpira wachezaji waliohama bado wako timu zao za zamani, na chumba cha mtaa wa pili kimeshasasisha. Ijumaa usiku nikaunganisha Wi-Fi ili Jumamosi waamkie vikosi vipya. Asubuhi nawasha ya kwanza: kila gemu ina alama ya kufuli. Ya pili hivyo hivyo. Zote. Na benchi limeshajaa, wengine wamesimama mlangoni na jero zao mkononi. Dogo mmoja akauliza kama funguo ziko kwa mama mwenye nyumba. Walicheka sana, nami nikacheka nao, ningefanya nini mbele ya wateja.

Nikampigia muuzaji. "Ni mtandao huo bosi, subiri." Nikasubiri. Nikapiga tena, akasema nizipeleke pamoja na laki na nusu kwa kila mashine "aziflashi upya". Mtu amefunga mlango wa nyumba yako kwa mkono wake, halafu anakudai hela ya kuufungua! Nilipofika Kariakoo, meza yake ilikuwa inauza vioo vya simu na hakuna aliyekuwa anamjua. Risiti niliyokuwa nayo ni kipande cha karatasi: "PS4 used, full games". Hakuna jina, hakuna TIN, si risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi. Na huyu mtu alijua. Aliniuliza mtaani kwangu kuna watoto wengi kiasi gani, nikamweleza kwamba hela ni mkopo wa kikundi, akaniombea baraka nikiwa namhesabia. Wizi wa namna hii unaniuma kuliko wa kuvunjiwa, kwa sababu mwizi alikaa akanisikiliza kwanza.

Hasara haikuishia kwenye mashine. Kodi ya fremu nilishalipa ya miezi sita, hela ya kununua CD za gemu sina. Mteja wa gemu anafuata wenzake: wakihama wawili watatu wanaojua kucheza, kundi zima linakwenda nao, na kulirudisha ni kazi kuliko kulipata mara ya kwanza. Ilinibidi niuze PS4 moja kwa bei ya kutupa ili nyingine zipate CD.

Najua kuna watakaokuja hapa chini kusema "ungejua teknolojia usingepigwa". Sawa, nendeni mkaziangalie za kwenu kwanza, halafu mrudi tuongee. Biashara hii ya akaunti imeshamiri kwa sababu Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za kufungulia akaunti ya PlayStation, watu wanajiandikisha kama wako Marekani au Afrika Kusini, na kulipia kutoka hapa ni usumbufu. Ndipo wajanja wanapoingia.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kulipa hata shilingi. Futa watumiaji wote waliomo kwenye mashine. Iunganishe na hotspot ya simu yako. Fungua mtumiaji mpya, kisha tia CD. Kinachofunguka baada ya hapo ndicho unachonunua, kingine chote ni cha mtu. Winga akikwambia "usifute, utaharibu", ondoka. Nunua CD, moja kwa kila mashine. FIFA 23 inakutosha kuanzia, ndiyo ya mwisho kwa jina hilo kabla haijawa EA Sports FC, na ukichoka nayo unaiuza. Winga akikushawishi uruke moja kwa moja kwenye PS5, angalia isiwe Digital Edition, ile haina sehemu ya kutia CD, na utarudi kulekule kwenye akaunti.

Kompyuta weka, ila usizichanganye na gemu chumba kimoja. Zama za kulipa mia tano nusu saa kusoma barua pepe za Yahoo zimepita, mkongo wa SEACOM ulifika 2009, simu janja zikamaliza kazi. Anayekuja sasa ana bahasha ya vyeti: fomu za mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, maombi ya ajira, udahili wa chuo, kuprinti. Huyo anataka utulivu, na hapo pembeni kuna vijana kumi wanashangilia goli. Hata kwa ubao tu, tenga.

Mwanafunzi mwenye sare saa za masomo usimwingize, hata akikulilia. Mzazi akimkuta hapo ana haki ya kukasirika, na mwenyekiti wa mtaa atakuja kwako, si kwa mtoto. Mtindo wa anayefungwa analipa uache uendelee, lakini hela ushike wewe kabla mechi haijaanza, na wakianza kuwekeana dau kati yao, zima mashine.

Unakwenda lini Kariakoo? Usiende na milioni nne zote mfukoni. Ukishafuta watumiaji, piga picha skrini, iweke hapa kwenye uzi kabla hujalipa. Jioni nipo.