Mwalimu wa Kwaya Asikuchagulie Nyuzi za Gitaa

Juzi dada mmoja wa Tanga kaniandikia: "Kaka, shikamoo. Napiga solo kwenye kwaya yetu. Mwalimu kanilazimisha niweke nyuzi namba 11, anasema namba 9 ni za watoto. Vidole vimepasuka na nikivuta uzi sauti haipandi. Nivumilie?"

Marahaba mdogo wangu. Usivumilie hata kidogo. Na unisamehe nikiongea kwa jazba, umenigusa pabaya.

Nilipoingia bendi ya dansi nilikuwa kijana mwembamba, vidole vifupi. Siku ya mazoezi kiongozi wetu akalichukua gitaa langu, akapapasa uzi wa kwanza, akauliza kwa sauti iliyofika mpaka kaunta: "Hizi za gitaa au za kushonea?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, wahudumu nao wakiwemo. Nikabatizwa Fundi Cherehani, na wapo wanaoniita hivyo mpaka leo. Yeye alipiga namba 11, basi kila mtu apige namba 11. Viganja vyake vilikuwa vya mtu aliyewahi kupakua mizigo bandarini. Vyangu havikuwahi kupakua chochote.

Sasa tuelewane. Namba hiyo ni unene wa uzi wa kwanza: namba 9 ni inchi 0.009, namba 11 ni inchi 0.011. Kwa macho huoni tofauti. Lakini kwa noti ileile, unene ukiongezeka kidogo mkazo unapanda kwa kasi zaidi: uzi wa kwanza wa namba 10 umekazana kwa asilimia 23 hivi kuliko wa namba 9, na wa namba 11 kwa karibu asilimia 50. Hiyo nusu nzima ya ziada, dada yangu, inalipwa na ngozi ya vidole vyako.

Gitaa nalo lina lake. Stratocaster ina urefu wa uzi wa inchi 25.5, Les Paul kama 24.75. Nyuzi zilezile utaziona laini kwenye Les Paul. Na kiongozi wetu, mnadhani alikuwa na gitaa gani? Fupi, bila shaka! Mimi nilikuwa na refu.

Wenye kujisifia mawaya manene hupenda kumtaja Stevie Ray Vaughan, mpiga gitaa wa bluzi wa Marekani, kwamba alipiga namba 13. Kweli, alipiga. Hawasemi kwamba alikuwa akishusha tuni ya gitaa zima nusu toni, jambo linalopunguza mkazo kwa asilimia 11 hivi. Wala hawamtaji Billy Gibbons wa ZZ Top, bendi ya roki ya Marekani, anayepiga namba 7, na sauti yake imeshiba.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja Mkongo aliyekuwa akipiga hotelini hapa Dar es Salaam. Alinifundisha mi-composé: unatoa uzi wa nne, ule wa re, unaweka mahali pake uzi mwembamba wa kwanza, kisha unautuni kwenye re ya juu, oktava nzima. Wapigaji wa soukous, muziki wa dansi wa Kongo, wanaijua sana. Jumamosi iliyofuata ridhimu yangu ilipenya katikati ya tarumbeta na solo bila kuongeza sauti ya ampu, na wachezaji wakawa wanageuka kutazama jukwaani anapiga nani. Kiongozi hakusema neno. Wiki ile ile akanipa kuanzisha nyimbo ambazo zamani alikuwa hataki hata nizisogelee. Siku hizi studio wakitaka ridhimu ya rumba simu inalia kwangu, na nasema hivyo bila aibu. Uzi wa kushonea huo!

Vijana, acheni kuweka nyuzi za kuwaridhisha watu. Gitaa unashika wewe.

Lakini sisemi kila mtu akimbilie wembamba. Mwenye mkono mzito akiweka namba 9 atabonyeza mpaka sauti ipande kupita tuni. Huyo abaki na 10 au 11. Gitaa kavu, lile lisilo la umeme, linataka mkazo ili ubao uitike, kwa hiyo 12 ni ya kawaida, na anayeanza aweke 11 au 10. Gitaa la nailoni usiliwekee waya wa chuma kamwe: nailoni huvuta kama kilo 40 kwa jumla, chuma cha namba 12 karibu kilo 70, na daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye ubao, litang'oka. Makanisani nimeyaona mengi yaliyouawa hivyo, kisha lawama anabebeshwa fundi.

Pwani kuna chumvi na jasho, kwa hiyo ukimaliza ibada futa nyuzi kwa kitambaa kikavu. Zile zenye utando hudumu zaidi, ila bei yake inauma.

Wewe wa Tanga, weka namba 9. Nyuzi zikianza kugusa freti, vile vyuma vya shingoni, na kutoa mlio wa kukwaruza, usiogope: shingo ilizoea kuvutwa na namba 11, sasa imelegezewa mzigo. Mpelekee fundi ailegeze kidogo ile fimbo ya ndani ya shingo. Jumapili mwalimu akija kukagua, mpe gitaa apige kwanza mpaka amalize wimbo. Namba mtajie baadaye.