Kabla hujanunua chupa nyingine ya mafuta, kapime damu

Jumapili usiku dada mmoja wa Kibaigwa amenitumia picha tatu. Ya kwanza utosi wake, ya pili utosi huohuo kwa karibu, ya tatu chupa nne za mafuta zimepangwa dirishani. Chini ameandika: "Shikamoo dada mwalimu. Hizi zote nimeshapaka. Wewe ulipaka yapi mpaka nywele zikarudi?"

Chupa zile nazijua. Mafuta ya nyonyo, mafuta ya karafuu, maji ya kitunguu yaliyochujwa kwenye chupa ya soda, na ile ya nne ambayo haina lebo, unauziwa na mtu anayekuambia usimtaje. Zote zimepita kichwani kwangu. Kwa hiyo namjibu hapa, na wewe unayesoma huku umejifunga kilemba ndani ya nyumba yako mwenyewe, jibu ni lako pia. Hakuna nilichopaka kikazirudisha. Nilipima damu.

Machi 2021 nilikuwa kwa msusi wangu Majengo, ananifumua yebo-yebo ili asuke upya. Yule dada haishiwi maneno. Alipofika nyuma ya sikio la kushoto akanyamaza. Akanishika kidole cha shahada, akakipeleka mpaka pale, akakiachia. Nikagusa ngozi tupu, laini kama shavu la mtoto mchanga. Duara kamili, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Hapaumi, hapawashi, hapana hata gamba moja. Akaniinamia sikioni: "Mwalimu, nyumbani kuna mtoto mwenye mapunye?"

Hapakuwa na mtoto mwenye mapunye. Kufikia Juni maduara yalikuwa manne, na mawili ya nyuma yalikuwa yameungana.

Nikaenda zahanati. Niseme ukweli, yule tabibu bado nina uchungu naye. Hakusimama kitini. Aliuliza, "Nywele zinanyonyoka?" nikasema ndiyo, akaandika vidonge vya fangasi. Nikarudi baada ya mwezi, akaandika tena. Mara ya tatu nikafungua mtandio mwenyewe bila kuambiwa, akatupa jicho mara moja, akaandika vilevile. Mapunye yana magamba, nywele hukatika zikaacha visiki, na ukikwangua yale magamba ukayapeleka maabara, fangasi wanaonekana kwenye hadubini. Tena huwapata zaidi watoto. Kwangu palikuwa peupe kama sahani. Miezi mitatu nimemeza dawa ya ugonjwa ambao sikuwa nao.

Nyumbani nako kulikuwa na la kwao. Shangazi alikuja kutoka Mvumi na mlenda mkavu kwenye mfuko, akanitazama kichwa, akasema kuna mtu kachukua nywele zangu saluni. Nikamwamini. Nikaacha kwenda kwa msusi wangu, nikaacha hata kuitikia salamu yake sokoni, karibu mwaka mzima. Mwanamke ambaye ndiye wa kwanza kuliona tatizo langu, na aliyelisema kwa kuninong'oneza ili wateja wengine wasisikie. Nimeshamwomba radhi, amenisamehe, ananisuka mpaka leo, lakini lile la sokoni haliniishi moyoni.

Halafu ule upepo wa Julai. Anayeishi Dodoma anaujua. Tuko mstarini asubuhi, bendera inapandishwa, vumbi likaja kutoka upande wa uwanja likanivua mtandio. Sikuusikia ukitoka. Nilichosikia ni kimya cha darasa la tatu, kisha mtoto mmoja wa kike akatoka kwenye mstari, akauokota, akaukung'uta vumbi, akaniletea kwa mikono miwili. Hakucheka mtu. Nilimaliza paredi, nikaingia ofisini, nikafunga mlango nikalia.

Miezi yote hiyo mwili wangu ulikuwa unasema, nami najibu kila dalili kivyake. Baridi mpaka kwenye mifupa: nikasema ni Julai, kila mtu kavaa sweta. Usingizi mchana: nikasema ni kusahihisha madaftari. Choo kigumu: maji sinywi. Hedhi ya siku tisa: umri. Sauti kuwa nzito: vumbi la chaki. Kilo saba kuongezeka na huku sili: hilo sikulitafutia hata sababu, niliona aibu tu. Kila kimoja kilikuwa na maelezo yake, na yote yalikuwa ya uongo.

Aliyeyaunganisha ni jirani yangu, muuguzi. Alikuja kuazima ungo. Akanisikia ninavyoongea, akanitazama uso, akaniambia nilete glasi ya maji. "Inua kidevu. Meza." Akawasha tochi ya simu, akamulika shingo kutoka pembeni. "Meza tena." Nikameza. Akaniwekea vidole viwili chini ya koo nikasikia mwenyewe kitu kinapanda na kushuka, kama yai dogo lililolala ubavu. "Kesho usiende shule," akasema, "nenda maabara."

TSH ilisoma 41. Kikomo cha juu cha kawaida ni kama 4.

Hili la TSH lieleweke, kwa sababu ndilo ninalolihubiri. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayotuma amri kwa tezi ya shingoni: fanya kazi. TSH ndiyo hiyo amri. Tezi ya shingo ikichoka, amri inazidi kupaa, kama mwalimu anayeita darasa lisilosikia. Kwa hiyo namba kubwa maana yake tezi imelegea. Tezi ikilegea kila kitu mwilini kinapungua kasi: moyo, utumbo, ngozi, na nywele zinakonda kichwa kizima. Kipimo cha pili kikaonyesha kingamwili zinazoshambulia tezi yenyewe. Ugonjwa huu unaitwa Hashimoto, kwa jina la daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912. Si suala la chumvi ya madini joto. Chumvi yenye madini joto nilikuwa nakula siku zote. Ni askari wa mwili waliogeuza bunduki nyumbani.

Na yale maduara? Daktari wa ngozi aliyaangalia kwa lenzi, taratibu, kila moja. Akanionyesha kwenye kioo vinywele vifupi pembezoni mwa duara, vinene juu na vyembamba kwenye shina, kama alama ya mshangao. Akasema hiyo ni alopesia areata. Askari walewale, safari hii wamezingira mashina ya nywele. Mwenye ugonjwa mmoja wa aina hii ana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kupata mwingine: tezi, mbalanga, kisukari kile cha aina ya kwanza. Nikamuuliza swali moja tu, kama shina limekufa. Akasema, "Limelala. Halijafa." Nilirudi nyumbani na neno hilo kama mshahara.

Matibabu yalikuwa mawili. Kidonge cha levothairoksini kila asubuhi kwa ajili ya tezi, na sindano za steroidi, dawa ya kuwatuliza wale askari, kwenye maduara, kila baada ya wiki tano hivi. Sindano yenyewe ni nyembamba, lakini haichomwi mara moja. Anachoma, anasogea kama sentimeta moja, anachoma tena, mpaka duara lote linakuwa na vinundu kama ngozi ya kuku. Nilikuwa nashika ukingo wa kitanda. Baada ya sindano ya tatu nikaona manyoya meupe, meupe kabisa kama ya bibi, kisha kidogo kidogo yakapata weusi.

Ningekuwa nadanganya nikiishia hapo. Mwaka 2022 nilinunua vidonge vya kukuza nywele, vile vitamu vya kutafuna, vimejaa vitamini iitwayo biotini. Sikumwambia daktari, maana niliona ni urembo, si dawa. Kumbe biotini nyingi inavuruga vipimo vya maabara. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari ya jambo hili mwaka 2017. TSH yangu ikasoma chini kuliko ilivyo, ikaonekana namezeshwa dawa nyingi kupita kiasi, dozi ikapunguzwa. Baada ya miezi mitatu chanuo likaanza kujaa tena. Nusu mwaka nimepoteza kwa sababu ya pipi.

Sasa ushauri, wadogo zangu, na najua wote mnataka ninachokitaka mimi: nywele zako zilizoota kichwani kwako, si wigi la kuvua usiku.

Pima damu. Omba TSH, omba wingi wa damu, na kama maabara ina uwezo, feritini, ambayo ni akiba ya madini chuma. Mwanamke mwenye hedhi nzito anaweza kukonda nywele kwa akiba kuisha tu. Ukisema "sina hela ya kipimo", jumlisha kwanza bei ya zile chupa dirishani. Mimi nilijumlisha, nikanyamaza.

Angalia zinatoka vipi. Zinatoka kichwa kizima miezi miwili mitatu baada ya kujifungua, homa kali au msiba? Mara nyingi zinarudi zenyewe. Zinakonda juu, hedhi inaruka, na kidevuni kunaota ndevu? Ulizia homoni na ovari. Pembeni mwa paji la uso panarudi nyuma? Mara nyingi ni msuko unaobana, fungua leo.

Kidonge cha tezi kinamezwa tumbo tupu kwa maji matupu. Mimi nameza adhana ya alfajiri inapolia, naoga, najiandaa, chai ya maziwa baada ya saa nzima. Dawa ya madini chuma isikaribiane nacho, ziachane saa nne. Na ukienda kupima, taja kila unachotafuna.

Kisha subiri. Nywele huota kama sentimeta moja kwa mwezi. Piga picha kila tarehe moja, dirisha lilelile, mwanga uleule. Nasema tena: pima damu.

Wasusi, mkiona ngozi tupu, semeni. Msifunike kwa rasta kwa kuogopa kumpoteza mteja. Waume, mke akifunga kilemba kitandani usiulize "umekuwaje siku hizi", muulize kama ameshaenda hospitali, halafu mpeleke. Na sisi kina shangazi, maana nami sasa ni shangazi wa mtu, tusiwape watoto wetu adui wa kumchukia wakati wanahitaji nauli ya kwenda maabara.

Kwangu, nywele leo zinafika mabegani nikizivuta. Februari hii limetokea duara moja tena, juu ya kisogo, dogo kama kifungo cha shati. Nimechomwa sindano mbili, vinywele vyeupe vimeanza. Ugonjwa huu unaenda na kurudi, na mtu akikuahidi ameumaliza kabisa, shika pochi yako.

Narudi kwa dada wa Kibaigwa. Picha yake ya pili imeninyima usingizi. Utosi wake unang'aa, vitundu vya nywele havionekani, na ameniambia panachoma kama amepakwa pilipili, jioni hasa. Duara langu halikuchoma hata siku moja. Kuna ugonjwa unaoanzia utosini na kusambaa nje, unaowapata zaidi wanawake weusi, ambao hauachi shina limelala. Unaliua, mahali pake panabaki kovu. Huo hausubiri chupa ya tano. Sijui kama ndio wake, picha haitoshi, daktari anaweza kuhitaji kukata kipande kidogo cha ngozi ili aone. Lakini kila mwezi unaopita, kama ndio, ni mashina yasiyorudi.

Nimempigia jana saa ya mapumziko. Tumekubaliana Jumatano apande basi la kwanza, nami nimeshaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Nitampokea stendi ya Nanenane. Nimemwambia asisuke, asipake kitu chochote kichwani kuanzia leo, na zile chupa aje nazo zote, hata ile isiyo na lebo, daktari azione.