Maswali na Majibu: Rivolva ya Magnum, Vichwa vya Kusubu na Baruti

Arusha ni mji wa bunduki ndefu. Makampuni ya uwindaji wa kitalii yamejaa hapa, na ukimtajia mtu wa Njiro au Usa River neno magnum, yaani risasi ya nguvu kubwa, moja kwa moja atafikiria bunduki ya .375 (kipenyo cha risasi kwa inchi) ya kwenda nayo kwa nyati. Safari hii, hata hivyo, barua nyingi zimehusu rivolva, ile bastola yenye silinda inayozunguka. Mbili zimetoka kwa Watanzania waishio Marekani, ambako kujitengenezea risasi nyumbani ni shughuli halali ya watu wengi. Nitawajibu kwa kirefu kwa sababu maswali yao ni mazuri. Msomaji wa hapa nyumbani asome pia jibu la fundi wa Unga Limited, maana sheria yetu ni nyingine kabisa.

Shikamoo mzee. Mimi ni mzaliwa wa Machame, naishi Texas. Nina rivolva ya .357 Magnum na vichwa vya risasi nasubu mwenyewe, yaani nayeyusha madini ya risasi na kuyamimina kwenye kalibu. Nikishapiga raundi kadhaa, mtutu unaganda utando wa madini. Wenzangu waliniambia niongeze ugumu wa mchanganyiko. Nimeongeza, na utando umezidi. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Ushauri uliopewa husikika kila mahali, na watu wengi umewapotosha. Kabla ya ugumu, angalia kipenyo. Kichwa cha kusubu kinatakiwa kuziba njia yote ili gesi ya moto isipite pembeni yake. Gesi ikipata upenyo hata mwembamba kama unywele, inayeyusha ubavu wa kichwa na kuyapaka madini ndani ya mtutu. Ukiongeza ugumu wakati kichwa ni chembamba, unakinyima hata ile nafasi ndogo ya kutanuka kwa shinikizo na kuziba. Ndiyo maana tatizo lako limezidi.

Kwa hiyo anza na vipimo. Hakikisha silaha haina risasi, kisha chukua kipande laini cha madini ya risasi, kipake mafuta, ukisukume taratibu ndani ya mtutu kwa fimbo ya shaba, halafu ukipime kwa maikromita. Mitutu mingi ya .357 ina inchi 0.357 kwenye mifereji iliyochongwa ndani yake, na kichwa cha kusubu huwa 0.358. Usiishie hapo. Pima pia koo la kila chemba (tundu la kukalia risasi) ya silinda, yaani ile sehemu nyembamba ya mbele ambamo kichwa hupita kabla ya kuingia mtutuni. Kichwa chako kikipita kooni kwa kusukumwa kidogo na kidole, umepata saizi. Kikidondoka chenyewe, ni chembamba. Na koo likiwa dogo kuliko mtutu, kila kichwa kitaminywa kabla ya kufika, na hakuna mchanganyiko utakaokuponya. Silinda hiyo mpelekee fundi bunduki ayapanue makoo.

Mahali utando ulipo panakueleza mengi. Ukianzia nyuma, karibu na silinda, shuku kipenyo au koo. Ukiwa mbele, karibu na mdomo wa mtutu, basi nta ya kulainishia inayopakwa kwenye kichwa imeisha njiani. Badilisha nta au ongeza kiasi chake.

Sasa ugumu. Kwa kipimo cha Brinell, madini ya risasi yasiyochanganywa na kitu ni kama 5. Vile vizito vya kusawazishia magurudumu ya gari vina 12 hivi. Mchanganyiko maarufu wa Lyman namba 2, wenye asilimia 90 ya risasi, 5 ya bati na 5 ya antimoni, una 15. Madini ya zamani ya wapiga chapa, linotype, yanafika 22. Kwa mwendo wa mita 300 kwa sekunde, 10 hadi 12 inatosha. Ukitaka nguvu kamili ya magnum, nenda kwenye 15, au tumia kichwa chenye kikombe chembamba cha shaba kitakoni, ambacho hukinga kitako kisiunguzwe na gesi. Linotype tupu sikushauri kwa mnyama, kwani kichwa kigumu hivyo huvunjika kikigonga mfupa.

Jihadhari na vizito vya magurudumu vya siku hizi, vingine ni vya zinki. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi na zinki kwa 419, hivyo ukilidhibiti joto la chungu, zinki itaelea na utaiopoa ikiwa bado nzima. Ikishachanganyika, vichwa havitajaa vizuri kwenye kalibu. Na tone la maji lisikaribie chungu kamwe: hugeuka mvuke ghafla na kurusha madini ya moto usoni.

Mimi ni fundi, Unga Limited, Arusha. Napata madini mengi ya risasi kutoka betri chakavu za magari. Kuna mtu anataka nimtengenezee vichwa vya bastola kwa bei nzuri. Kuna ubaya?

Ndugu yangu, usiifanye kazi hiyo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imeweka utengenezaji na uuzaji wa silaha na risasi chini ya vibali maalumu. Mwenye leseni ya kumiliki bastola ana haki ya kumiliki bastola, na risasi zake hununua kwa muuzaji aliyesajiliwa. Mtu anayezunguka mtaani akitafuta wa kumsubia vichwa, jiulize kwa nini hawezi kwenda dukani. Kesi ikija, utakayekutwa na kalibu na chungu ni wewe.

Ila hata bila polisi, hiyo risasi ya betri inanitisha. Sahani za betri zina antimoni, aseniki, na mara nyingi kalsiamu. Takataka inayoelea juu ya chungu ikilowa maji inaweza kutoa gesi za sumu kali sana. Vumbi lake linang'ang'ania nguo na viatu, na ukirudi nyumbani mtoto anakurukia na kulibeba mikononi hadi mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa sababu risasi huharibu ubongo unaokua. Kama umeifanya kazi hii muda mrefu na tumbo linakusokota, unachoka bila sababu au umeambiwa huna damu ya kutosha, nenda hospitali na umwambie daktari waziwazi kwamba unayeyusha betri. Asipojua atatibu malaria au vidonda vya tumbo. Mama watoto naye asizifue nguo zako za kazi pamoja na za watoto.

Betri chakavu zenyewe ni taka hatarishi, na biashara yake ina vibali vyake kupitia NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira. Uliza huko. Kazi ya vyuma chakavu unaweza kuifanya kihalali na ikakulipa.

Kaka, natokea Sakina ila niko Colorado kwa kazi. Nina .44 Magnum na kopo la baruti ya H110. Inanipiga sana mkono. Nataka kupunguza baruti kwa robo ili iwe laini. Naomba uniandikie uzito sahihi.

Uzito sitauandika, na naomba unielewe. Hesabu ya baruti inategemea aina ya kichwa, uzito wake, kimeingia kiasi gani ndani ya ganda, na praima (kiwashio cha baruti kilicho kitakoni mwa ganda) uliyotumia. Tarakimu moja ikikosewa kwenye uchapaji, anayeumia ni wewe. Chukua kitabu cha mtengenezaji wa baruti hiyohiyo, tafuta kichwa cha kusubu cha uzito uleule, na usitumie hesabu za kichwa chenye koti la shaba, kwani shinikizo lake ni tofauti.

Ila kupunguza H110 kwa robo, hapana kabisa. Baruti hii, ambayo pia huuzwa kwa jina la W296, huungua polepole na inahitaji shinikizo kubwa, ganda lililojaa vizuri na praima ya magnum ili iwake sawasawa. Kampuni inayoiuza, Hodgdon, inaonya isipunguzwe zaidi ya asilimia 3. Ukiipunguza sana inawaka nusunusu: unasikia mlio dhaifu, kichwa kinakwama katikati ya mtutu, na wewe huna habari. Ukifyatua ya pili, mtutu unaweza kupasuka. Risasi yoyote ikitoa mlio usio wa kawaida, simama, toa zote, na chunguza mtutu kabla ya kingine chochote.

Unataka risasi laini? Badilisha baruti. Kwa nguvu ya kati na kuelekea juu kuna baruti iitwayo 2400, ambayo wasubu wa vichwa wameipenda kwa miongo mingi. Kwa laini kabisa kuna Unique na nyingine ziunguazo haraka. Hizi nazo zina hatari yake: kipimo ni kidogo, ganda la magnum ni kubwa, kwa hiyo unaweza kumimina mara mbili na ganda lisifurike. Baada ya kumimina, panga maganda yote wima na umulike tochi ndani ya kila moja kabla hujaweka kichwa. Usiongee na simu, usiwashe runinga. Anza na kipimo cha chini cha kitabu na upande kidogokidogo. Wala usingoje ganda ling'ang'anie kwenye silinda ndipo ujue umezidisha, kwani kwenye rivolva dalili hiyo huchelewa.

Jambo moja husahaulika: kubana mdomo wa ganda. Rivolva ya magnum ikiruka, vichwa vya risasi zilizobaki kwenye silinda huvutwa mbele. Kimoja kikichomoza, silinda haizunguki. Ubane mdomo vizuri kwenye mfereji wa kichwa uliotengenezwa kwa kazi hiyo, halafu ukishafyatua chache, pima urefu wa ile ya mwisho iliyobaki.

Kuhusu umbo, kichwa cha uzito wa greni 240 au 250 chenye pua bapa kinakufaa. Umbo hilo lilipendwa sana na Elmer Keith, mfugaji na mwindaji wa Idaho. Alikuwa akiisukuma .44 Special, risasi iliyoitangulia, kupita mipaka yake, na bidii yake ndiyo iliyochangia .44 Magnum kuzaliwa mwaka 1955. Pua bapa hukata nyama na kupenya moja kwa moja, hata kichwa kisipotanuka.

Shikamoo mwalimu. Nasoma usimamizi wa wanyamapori Chuo cha Mweka, Moshi. Je, rivolva ya .44 Magnum inaweza kumsimamisha nyati anapokujia?

Marahaba. Usiitegemee. Piga hesabu: kichwa cha greni 240, yaani gramu 15.5, kikienda mita 430 kwa sekunde, kinabeba kama jouli 1,400. Ile .375 H&H ya mwaka 1912 inarusha greni 300 kwa takriban mita 770 kwa sekunde, karibu jouli 5,800. Ni mara nne, na bado wawindaji bingwa wetu huiona .375 kuwa kiwango cha chini kwa nyati, wengi wakipenda .416 au .458. Kulenga kwa mkono mmoja au miwili, huku moyo unadunda na mnyama yuko hatua kumi na tano, ni kugumu kuliko kwa bunduki iliyokaa begani. Muda wako chuoni utumie kujifunza bunduki ndefu, na hasa kusoma masikio, mkia na upepo ili nyati asifikie kukujia.

Mimi ni mjane, Marangu. Marehemu mume wangu aliacha rivolva na risasi za zamani ndani ya sanduku, zimeota kutu ya kijani. Kijana wangu anataka azijaribu shambani.

Pole sana, mama. Mwambie kijana asizijaribu hata moja. Kutu hiyo ya kijani hula ganda la shaba nyeupe, na ganda lililoliwa linaweza kupasuka. Tena leseni ilikuwa ya marehemu, haikurithiwa na mtu pamoja na sanduku. Funga sanduku, ufunguo ukae nao wewe, na usiibebe silaha hiyo barabarani. Nenda kituo cha polisi na cheti cha kifo, na kitabu cha leseni kama kipo, ueleze, waje kuichukua wenyewe. Ukipenda, mwenyekiti wa kijiji akusindikize. Kama kijana anataka kuimiliki, aombe leseni kwa jina lake, kuanzia serikali ya kijiji hadi kamati ya usalama ya wilaya, silaha ikiwa mikononi mwa polisi.

Nina leseni ya rivolva ya .357. Muuzaji ana .38 Special tu. Zinafaa? Msomaji, Moshi mjini.

Zinafaa, mradi leseni yako inakuruhusu kuzinunua, mwonyeshe muuzaji. Kichwa kina kipenyo kilekile, ganda la .38 ni fupi kwa milimita tatu na nusu hivi. Kinyume chake, yaani .357 kwenye rivolva ya .38, hairuhusiwi kabisa: shinikizo la juu la .38 Special ni pauni 17,000 kwa inchi ya mraba, la .357 ni 35,000. Kwa kuwa ganda ni fupi, masizi hujenga pete ndani ya chemba, na siku ukirudi kwenye .357 zitagoma kuingia. Sugua kila chemba kwa brashi ya shaba siku hiyohiyo uliyopiga, kabla masizi hayajakauka.